Kabla ya Kutazama Filamu, Tuchague cha Kusoma



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunawaomba mtuvumilie, kwa maana tumeamua kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona kuwa la kitoto. Nalo ni vitabu vya katuni vya mashujaa wenye nguvu za ajabu, pamoja na filamu zinazotengenezwa kutokana na vitabu hivyo. Hatukulitafuta jambo hili. Limetufuata lenyewe hadi mlangoni mwa nyumba ya mapadre.

Ilikuwa hivi. Wakati wa likizo, vijana wetu wa VIWAWA walipanga kukutana Jumamosi jioni ili waitazame kwa pamoja filamu ya Black Panther, ile iliyotoka mwaka 2018. Wengi walikwisha kuiona, wengine bado. Siku chache kabla, wawili kati yao walitujia na swali: "Baba, filamu hii imetoka katika vitabu vya katuni, na vitabu vyenyewe ni vingi mno. Tusome vipi kwanza?" Mmoja wao alikuwa ameletewa vitabu kadhaa na binamu yake anayesoma Dar es Salaam. Haukupita muda akaja mzazi mmoja, mtu mwema na mwenye bidii katika Jumuiya yake, akiwa ameshika kimoja cha vitabu hivyo kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya. Akatutaka tukichome moto mbele ya watoto.

Tulikuwa basi na maombi mawili mezani: kijana akiomba kuchaguliwa, na mzazi akiomba kuchomewa. Leo tunalijibu la kijana, tukitumaini kwamba humo humo mzazi atapata jibu lake.

Maoni yetu ni haya. Filamu inapotokana na vitabu, ni vema kusoma kabla ya kutazama. Lakini tusome vichache, tena vilivyochaguliwa. Na lengo si kuyajua matukio mapema ili tuwasumbue wenzetu ukumbini. Lengo ni kuweza kutambua watengenezaji wa filamu wamebadilisha nini. Mtu anapoichukua hadithi ya mwenzake akaisimulia upya, pale alipoibadilisha ndipo alipotia neno lake mwenyewe. Asiyesoma hulipokea neno hilo bila kujua kwamba limesemwa.

Hapa kwetu Singida jambo hili lina uzito wa pekee. Vijana wetu wengi hawatazami filamu katika majumba makubwa ya sinema. Huzitazama katika simu, au katika vile viitwavyo vibanda umiza, penye mabenchi, jasho na sauti ya dijei anayetafsiri huku filamu ikiendelea. Sanaa hiyo ya kutafsiri filamu kwa Kiswahili ilipata umaarufu mkubwa nchini kwa kazi ya watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, nasi hatuidharau hata kidogo. Dijei hodari hufafanua, hutania, huongeza methali, hata humpa mhusika jina la mtaani kwetu. Lakini tufahamu kwamba kijana aliyeketi kwenye benchi lile anapokea tafsiri juu ya tafsiri: kwanza ya mwongozaji aliyekibadilisha kitabu, kisha ya dijei aliyeibadilisha filamu. Naye mwenyewe hajapata nafasi ya kusema lolote.

Hayati Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alieleza kwamba kitabu humdai msomaji ashiriki kwa nafsi yake zaidi kuliko vyombo vya picha na sauti, ambavyo humletea mtazamaji kazi iliyokwisha kukamilika. Picha zinazotembea hutuburuta kwa mwendo wake. Kitabu, hata kiwe cha katuni, hutusubiri. Tunaweza kurudi ukurasa wa nyuma na kuuliza: kwa nini mfalme huyu amekasirika?

Sasa tulijibu swali lenyewe: vitabu vipi?

Shujaa huyu, Mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda (jina ambalo kwetu lingeweza kudhaniwa ni la watu wakandao unga), alionekana kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1966 katika toleo namba 52 la jarida la Fantastic Four. Waliomtunga ni Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby. Tangu wakati huo waandishi wengi wamepokezana kumwandika. Anayetaka kusoma yote atazeeka kabla ya filamu kuanza. Kwa hiyo tuliwapa vijana wetu kanuni tatu, nazo zinafaa kwa filamu yoyote ya namna hii.

Kanuni ya kwanza: mtafute adui wa filamu, kisha usome hadithi ambamo adui huyo alizaliwa. Shujaa ni yule yule katika kila kitabu, bali adui huonyesha filamu inataka kuuliza swali gani. Katika Black Panther adui ni Erik Killmonger. Huyu alizaliwa mwaka 1973 katika jarida la Jungle Action, kwenye hadithi ndefu iitwayo Panther's Rage iliyoandikwa na Don McGregor, kuanzia toleo namba 6 hadi namba 18 la mwaka 1975. Jarida hilo hapo awali lilikuwa likirudia hadithi za zamani za mashujaa weupe porini Afrika, na McGregor akaligeuza kuwa hadithi ya Waafrika katika nchi yao wenyewe. Kama kijana ana nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu, basi na kiwe hicho. Maneno yake ni mengi na mapigano yake ni makali, lakini ni hadithi kamili, yenye mwanzo na mwisho.

Kanuni ya pili: kando ya kitabu hicho weka kimoja cha zamani zaidi na kimoja kipya zaidi. Cha zamani ni matoleo namba 52 na 53 ya Fantastic Four, ambayo husomwa kwa muda mfupi. Humo utaiona Afrika jinsi ilivyoonekana na watu wema walioitazama kwa mbali. Cha karibuni zaidi ni kazi ya Ta-Nehisi Coates, iliyoanza kutoka mwaka 2016, ambamo wananchi wa Wakanda wanamwasi mfalme wao na kuhoji kwa nini mtu mmoja awatawale. Ni kigumu, kinafaa kwa wale wa kidato cha tano na kuendelea. Kati ya hivyo kuna kazi ya Christopher Priest iliyoanza mwaka 1998. Jina lake la ukoo maana yake ni padre, ingawa yeye ni mchungaji wa Kibaptisti, na vijana walilicheka sana jambo hilo. Ndiye aliyewaleta wale wanawake walinzi wa mfalme, Dora Milaje. Katika kitabu chake wanawake hao pia ni wachumba wa mfalme kwa desturi, jambo ambalo filamu imelifuta na kuwafanya askari wenye heshima yao wenyewe. Tuliona hicho kiachwe kwa watu wazima.

Kanuni ya tatu: mtu mzima asome kwanza. Hili halihitaji maelezo mengi. Mama hawezi kuonja mboga baada ya kuwapakulia watoto.

Tulisoma basi. Vitabu ni vya Kiingereza, na si wote wanaokimudu, hivyo msichana mmoja wa kidato cha sita alisoma kwa sauti na kutafsiri, wengine wakazunguka kitabu kutazama picha. Jumamosi tatu zilipita hivyo kabla ya filamu. Na siku ya filamu yalianza kuonekana yale ambayo yasingeonekana.

Kwa mfano, yupo mhusika M'Baku, kiongozi wa watu wa milimani. Katika kitabu cha mwaka 1969 alipewa jina la kumfananisha na nyani mkubwa. Filamu imelitupa jina hilo, ikambakizia jina lake la kuzaliwa, ikamfanya mtu mwenye akili, mcheshi, na mwenye kuja kuwaokoa wenzake saa ya mwisho. Vijana walishangilia walipoona hivyo. Tukawaambia: tazameni, wapo wanaosema kitabu ni bora kuliko filamu siku zote, na hapa filamu imemtubisha kitabu. Asiyesoma hawezi kujua kwamba toba imefanyika.

Lakini badiliko kubwa ni la Killmonger mwenyewe, na hapa tunawaomba mtusikilize kwa makini.

Yuko kijana mmoja katika kikundi chetu ambaye ametupa ruhusa ya kuyaandika haya, nasi tumeyaficha yale ambayo yangemtambulisha. Baba yake alifariki akiwa darasa la tatu. Ndugu za baba waligawana shamba la alizeti na ng'ombe, mama akarudi kwao, na mtoto akalelewa na bibi mzaa mama. Kijana huyu aliwahi kuitazama filamu katika kibanda umiza muda mrefu kabla ya hapo. Tulipoanza vikao vyetu alisema neno moja tu: "Killmonger alikuwa na haki." Wenzake wakacheka. Mwalimu wa dini aliyekuwapo akamkemea kwa kumtetea muuaji, naye hakusema tena siku hiyo.

Akaendelea kuja. Akasikiliza Panther's Rage yote. Katika kitabu hicho Killmonger ni Mwakanda aliyetoweshwa na adui wa kigeni, Klaw, mwenye tamaa ya madini ya nchi yao. Anakulia Harlem mjini New York, baadaye anarudi nyumbani, na mwishowe anageuka kuwa mwasi. Uovu unatoka nje. Katika filamu mambo ni tofauti kabisa. Mfalme T'Chaka, baba wa T'Challa, anamuua ndugu yake mwenyewe, N'Jobu, huko Oakland, kisha anamwacha mtoto wa marehemu huko huko na kuificha habari yake. Mtoto huyo ndiye Killmonger.

Filamu ilipofika hapo, kijana wetu alisimama, akasema mbele ya wote: "Baba, kitabuni hakuna baba mkubwa. Baba mkubwa ameongezwa na filamu."

Ukumbi ukanyamaza. Tukamwuliza anadhani ni kwa nini ameongezwa. Akajibu: "Walitaka tumwone."

Wapendwa, sisi tulisoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na hatudhani kwamba tungeweza kuifafanua filamu hiyo vizuri zaidi. Watengenezaji wake waliichukua hadithi ambamo balaa huletwa na mgeni, wakasema: hapana, balaa hili limezaliwa nyumbani, katika ukoo, mkononi mwa mtu mwema aliyeheshimiwa na wote. Neno lao lote limo katika badiliko hilo. Na aliyeliona ni yule aliyekuwa na kitabu cha kulinganisha, tena aliyekuwa na jeraha la kumfanya alitafute.

Baada ya filamu alibaki nyuma. Alituambia jambo jingine, wala si katika kitubio, maana ya kitubio hayaandikwi. Alisema kwamba kiangazi kimoja aliwahi kuazimia kulitia moto shamba la baba yake mkubwa, alizeti ikiwa imekauka na kusubiri kuvunwa. Akakumbusha kwamba Killmonger, alipoketi tu kwenye kiti cha enzi, aliamuru bustani ya mmea mtakatifu ichomwe ili asiwepo mfalme mwingine baada yake. "Hapo," alisema, "haki yake iliisha."

Tulimfungulia Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 14. Humo Absalomu, mwana wa Daudi, amerudishwa Yerusalemu kutoka uhamishoni, lakini kwa miaka miwili haruhusiwi kuuona uso wa baba yake mfalme. Anamwita Yoabu, Yoabu haji. Anamwita mara ya pili, haji. Ndipo anawatuma watumishi wake walitie moto shamba la shayiri la Yoabu. Kijana aliisoma mara mbili. Hakuwa amewahi kusikia kwamba jambo lake limeandikwa katika Biblia.

Sasa tuzijibu hoja za wazazi, ambazo si nyepesi.

Wapo wasemao kwamba vitabu hivi vimejaa miungu ya uongo na mizimu. Ni kweli kwamba Wakanda ya kubuni ina ibada zake, na mfalme huzungumza na wahenga wake. Lakini mambo hayo hayo yamo katika filamu, na filamu watoto wamekwisha kuiona. Kinachobaki ni kuamua kama wataitazama wakiwa peke yao au wakiwa nasi. Mtume Paulo alipofika Athene alizitazama sanamu zao na aliwajua washairi wao, na kwa kuwa aliwajua aliweza kusema nao. Sisi wenyewe tulipokuwa seminari ndogo tulificha magazeti ya Sani chini ya magodoro, tukicheka visa vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Padre Gambera aliyakuta. Hakuyachoma. Aliyachukua, akayasoma, kisha akatutaka kila mmoja aandike ukurasa mmoja: nani hapa ni mjanja, nani mjinga, na kwa nini tunamcheka aliyeumia. Tulidhani ni adhabu. Leo tunajua kwamba lilikuwa somo.

Wapo pia wasemao kwamba ukisoma kwanza unaua utamu wa filamu. Kwao tuna swali moja. Kila Ijumaa Kuu tunasomewa Mateso ya Bwana wetu, nasi sote tunajua yanavyoishia. Ni nani aliyewahi kutoka kanisani akilalamika kwamba alikwisha kuijua hadithi? Hali kadhalika ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na ambayo wengi wetu tuliiona ikionyeshwa kwenye shuka jeupe uwanjani. Waliokuwa wameisoma Injili ya Luka ndio waliolia zaidi, kwa sababu walijua kinachokuja.

Na wapo wasemao kwamba hii ni anasa, kwamba hakuna fedha ya vitabu wala muda. Hoja hii tunaiheshimu kuliko zote, hasa mwaka ambao mvua imekuwa haba. Lakini kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti kimewatosha watu kumi na watano. Ndivyo wazee wetu walivyofanya na hadithi jioni, mmoja akisimulia na wengi wakihukumu. Hata habari za Fumo Liyongo wa pwani, shujaa ambaye silaha hazikumpata hadi mwanawe mwenyewe alipotumwa na adui kumchoma kwa sindano ya shaba, zilihifadhiwa kwa midomo muda mrefu kabla ya kuandikwa. Naye pia, mkitazama, hakuuawa na mgeni.

Tunamalizia kwa ombi. Kwa vijana: filamu ijayo ikitangazwa, msikimbilie kwanza kibandani. Mwulizeni mtu aliyesoma, chagueni kitabu kimoja au viwili, mkisome pamoja, ndipo mwende. Kwa wazazi: mkikuta kitabu cha katuni chini ya godoro, msikichome kabla ya kukisoma. Huenda mtoto ameona humo jambo la nyumbani kwenu ambalo hajapata maneno ya kuwaambia.

Na kwa mzazi aliyetuletea kile kitabu: bado kipo juu ya meza yetu, hakijachomwa. Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi tutakisoma ukumbini, na kiti chake tumekiweka mbele.

Shauri la lile shamba la alizeti halijaisha. Baba mkubwa amekubali kuketi na ukoo, na mwenyekiti wa Jumuiya yao atakuwapo. Hakuna kilichorudishwa hadi leo. Tunawaomba muwakumbuke wote wawili, mjomba mtu anayemsindikiza kijana, na bibi aliyemlea, katika sala zenu za juma hili.

Mungu awabariki nyote. Tukutane juma lijalo.